Kigoda cha Milansi na Kura za Unguja

Wahenga walisema, "Asiyekubali kushindwa si mshindani." Neno hili twalisikia sana watoto wanapocheza, na wengi hudhani kwamba ni neno la kumfariji aliyeanguka, basi. Walakini mtu akilitazama vema ataona kwamba limewekwa kwa ajili ya wakati ulio kabla ya mashindano. Mtu akiingia uwanjani huku amekwisha kuapa moyoni mwake kwamba hatapokea neno lo lote ila ushindi, huyo hakuja kushindana, amekuja kuchukua.

Tena kushindwa kuna namna mbili. Kushindwa kwa mbali ni kazi nyepesi. Mkulima ambaye shamba lake lote limekauka hulia siku moja, kisha hutafuta mbegu nyingine. Lakini yule ambaye mahindi yake yamekosa mvua moja tu, ile ya mwisho, huyo hakai akanyamaza. Kila siku huhesabu: kama ingalinyesha Jumanne, kama ningalipanda mapema juma moja. Ndivyo ilivyo katika kura. Aliyeachwa nyuma kwa kura nyingi huenda nyumbani. Aliyeachwa kwa chache husema, "Hesabuni tena," na akihesabiwa tena akakosa, husema, "Hesabuni mara ya tatu."

Katika habari hizi nataka kuwaeleza wasomaji mashindano manne ya namna hiyo. Mawili yalitokea hapa kwetu Ufipa, na hayo hayakuwa ya kura, maana kura zilikuwa hazijajulikana. Yalikuwa ya kigoda. La tatu ni la Unguja na Pemba, na la nne ni la nchi ya Wasomali wa kaskazini. Nia yangu ni kuuliza swali moja: Kwa nini watu wengine huachia kiti kwa amani, na wengine, wenye akili na ushujaa ule ule, hawawezi?

Tuanze nyumbani. Kila mzee wa Ufipa anajua jina la Milansi, ambalo siku hizi wengi huliandika Milanzi, chini ya mlima wa Itwelele. Masimulizi ya kale yasema kwamba hapo ndipo ulipokuwa mji wa kwanza wa Wafipa, na mtawala wake wa kwanza aliitwa Ntatakwa. Watu wa ukoo huo wasifiwa kwa kazi ya chuma, na katika nchi yetu, ambayo matanuru yake marefu ya udongo yaliyeyusha chuma cha majembe kwa vizazi vingi, sifa hiyo si ndogo.

Masimulizi yaendelea kusema kwamba siku moja mtawala wa Milansi alikwenda kuwinda. Alipokuwa mbali walifika wanawake wageni waliotoka nchi nyingine, wa ukoo wa Watwa. (Watwa hawa si wale watu wafupi wa misituni wenye jina kama hilo.) Wageni wakaingia mjini, wakakalia kigoda cha mtawala. Yule bwana aliporudi aliwakuta wamekaa. Masimulizi yapo ya namna nyingi, na kila mzee ana lake la kuongeza, lakini mwisho wake ni mmoja: mwenyeji hakutwaa mkuki. Aliachia utawala wa nchi kwa Watwa, naye akabaki na Milansi yake, na heshima ya mtu wa kwanza, na kazi za ibada za kimila zilizokuwa za ukoo wake tangu mwanzo. Watwa wakawa watawala wa Ufipa, lakini Milansi haikufutwa.

Mwingereza mmoja, Roy Willis, aliyekaa Ufipa katika miaka ya 1960 akiandika masimulizi ya wazee, alieleza kwamba Wafipa waliufananisha ukoo wa Milansi na kichwa, na ukoo wa Watwa na kiuno. Msomaji aitazame sana mithali hiyo. Kichwa ndicho kilicho juu, ndicho chenye kuwaza. Kiuno ndicho chenye nguvu za kuzaa na kubeba. Hakuna mtu aliye kichwa kitupu, wala hakuna aliye kiuno kitupu. Wafipa walipotaka kueleza jinsi mshindi na mshindwa wanavyokaa katika nchi moja, hawakusema habari za mwindaji na mnyama. Walisema habari za mwili mmoja.

Sidai kwamba kisa hiki kilitokea neno kwa neno kama kisimuliwavyo. Masimulizi ya asili hukatwa na kushonwa mara nyingi na mikono mingi, na yawezekana sana kwamba waliyaweka vema wale walioshinda. Lakini hata hivyo ni jambo la kuwaza: taifa zima lilichagua kuukumbuka mwanzo wake kwa habari ya mtu aliyeachia kiti. Mataifa mengi huukumbuka mwanzo wao kwa habari ya vita.

Wala msidhani kwamba Watwa wenyewe walijifunza upesi somo la Milansi. Ukoo wao uligawanyika, ukazaa tawala mbili, Nkansi na Lyangalile, nazo zilipigana kwa muda mrefu. Ndugu walishindania kiti, na kwa kuwa hapakuwa na namna ya kumpa aliyekosa sehemu ya kukaa, kila mmoja alijitengenezea nchi yake. Hata hivyo amani ilirudi. Joseph Thomson, msafiri Mskoti aliyepita Ufipa mwaka 1880, aliwaandika Wafipa kuwa ni wakulima hasa kuliko watu wengi aliowaona, wasiopenda vita.

Kisa cha pili pia ni cha Ufipa, ingawa waliogombana hawakuwa Wafipa. Katika miaka ya 1840 waliingia Wangoni, ambao walitoka kusini sana mwa Afrika chini ya mkuu wao Zwangendaba. Mwaka 1835 walivuka mto Zambezi, nao katika safari yao ndefu waliwameza watu wa makabila mengi wakawafanya kuwa taifa moja, kwa nidhamu ya jeshi na kwa nguvu ya mtu mmoja. Walipofika kwetu wakatulia. Na hapa Ufipa, mahali palipoitwa Mapupo, yapata mwaka 1848, Zwangendaba alikufa.

Mara ikazuka shida. Wana wake walikuwa bado wadogo. Ndugu yake Ntabeni alishika mambo kwa muda. Wengine walimtaka Mpezeni awe mrithi, na wengine walimtaka Mbelwa. Kila upande ulikuwa na hoja zake, za mama yupi alikuwa mkubwa, na nyumba ipi ilikuwa na haki. Hoja zilikaribiana, kama kura zinavyokaribiana siku hizi, na ndiyo maana hapana aliyekubali. Mwisho wake wasomaji wanaujua kwa macho, maana matunda yake yapo katika ramani ya Afrika hata leo. Kundi moja, Watuta, lilikwenda kaskazini hata Unyamwezi. Jingine lilikwenda mashariki, nalo ndilo lililozaa Wangoni wa Songea. Mpezeni alikwenda na watu wake mpaka nchi ambayo sasa ni mashariki ya Zambia. Mbelwa alikwenda mpaka kaskazini ya Malawi. Taifa ambalo halikuvunjwa na mto Zambezi, wala na njaa, wala na adui ye yote katika safari ya miaka kumi na zaidi, lilivunjwa na swali la nani akae juu ya kigoda.

Yafaa kuuliza: Je, Wangoni walikuwa watu wabaya kuliko mtawala wa Milansi? Sivyo. Tazameni lililokuwa mbele ya kila mmoja. Mtawala wa Milansi alipoachia nchi, alibaki na mji wake na jina lake na kazi yake. Lakini kwa Wangoni kiti kilikuwa kimoja, na ng'ombe, na askari, na wake, na mateka, vyote vilifuata kiti hicho. Aliyekikosa alikosa yote, na huenda angekosa hata uhai. Mtu wa namna hiyo akiambiwa, "Kubali kwa upole," ni kama kuambiwa alale njiani usiku wa simba. Basi alikwenda zake na watu wake, akajitafutia mahali pa kulala.

Hapa ndipo naanza kulijibu swali langu. Upole wa mshindwa haushuki kutoka mbinguni siku ya matokeo. Hutayarishwa mapema, na kuna watu wawili wanaoutayarisha: yeye mwenyewe, na yule atakayemshinda. Tuone kama jibu hili lasimama tukilipeleka mahali pengine, mbali na Ufipa, katika siku zetu za kura.

Visiwa vya Unguja na Pemba vinajua kuliko sehemu nyingi za dunia maana ya kura zinazokaribiana. Mwezi wa Januari 1961 palikuwa na viti 22 vya kugombewa. Chama cha Afro-Shirazi kilipata 10, chama cha Hizbu 9, na chama cha watu wa Pemba na Unguja, ZPPP, 3. Katika jimbo la Chake Chake mshindi alishinda kwa kura moja tu. Wale watatu wa ZPPP nao wakagawanyika, wawili huku na mmoja kule, zikawa 11 kwa 11, na serikali isiweze kuundwa. Ukafanywa uchaguzi mwingine mwezi wa Juni mwaka ule ule. Ndipo fitina ikapanda: kulikuwa na ghasia, na watu 68 walikufa. Mapinduzi ya Januari 1964 yalikuta majeraha hayo bado hayajapona.

Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, majeraha yale yalifunguka. Katika uchaguzi wa Oktoba 1995 Dk. Salmin Amour wa CCM alitangazwa kuwa Rais wa Zanzibar kwa kura 165,271, na Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF alipewa kura 163,706. Tofauti yao ilikuwa kura 1,565, yaani watu wa vijiji viwili vitatu. CUF walikataa matokeo. Wawakilishi wao walisusia Baraza kwa miaka. Baadhi ya wakubwa wao walikamatwa na kushtakiwa kosa la uhaini. Mwafaka ulitiwa sahihi mwaka 1999, haukushika. Baada ya uchaguzi wa mwaka 2000 mambo yalizidi, na mwezi wa Januari 2001, siku za maandamano, watu zaidi ya 30 waliuawa, na watu kama 2,000 walivuka bahari wakakimbilia Shimoni katika nchi ya Kenya. Hapo nchi yetu iliwaona raia zake wakiwa wakimbizi ugenini. Sisi wa Rukwa tuliozoea kuwapokea wakimbizi wa nchi nyingine twaweza kujua uzito wa jambo hilo.

Sasa tufike mwaka 2010. Tarehe 31 Oktoba Wazanzibari walipiga kura tena. Wagombea wakubwa walikuwa Dk. Ali Mohamed Shein wa CCM na Maalim Seif yule yule wa CUF, ambaye alikuwa amekwisha kugombea mara tatu na kukosa mara tatu. Siku iliyofuata matokeo yalitangazwa: Dk. Shein kura 179,809, Maalim Seif kura 176,338. Tofauti ilikuwa 3,471 katika kura zaidi ya 350,000. Sheria ilikuwa kwamba Tume ikiisha kumtangaza Rais, hapana mahakama inayoweza kuliuliza tena jambo hilo. Basi aliyeona ameonewa hakuwa na mlango wa kubisha ila mmoja, nao ni barabara. Na barabara ya mwaka 2001 ilikuwa bado na harufu ya damu.

Maalim Seif alisimama mbele ya watu akayakubali matokeo, akampa mkono mshindi. Wafuasi wake wengi walirudi nyumbani wakiwa na huzuni, lakini walirudi. Hapakuwa na mazishi.

Wako waliosema kwamba amezeeka, na wako waliosema kwamba amenunuliwa kwa cheo. Lakini ili tumhukumu kwa haki yatupasa kutazama nyuma kidogo. Mwezi wa Novemba 2009 yeye na Rais Amani Abeid Karume walikutana wakapatana. Tarehe 31 Julai 2010 wananchi waliulizwa kwa kura ya maoni kama wanataka serikali ya umoja, na watu 66 katika kila 100 waliopiga kura walisema ndiyo. Katiba ya Zanzibar ikageuzwa: chama kitakachokuwa cha pili kitatoa Makamu wa Kwanza wa Rais, na mawaziri watagawanywa kwa kadiri ya viti. Haya yote yalifanywa kabla ya uchaguzi, wakati ambapo hakuna aliyejua ni nani atakayekuwa wa pili. Hilo ndilo jambo kubwa. Mtu anayegawa nyama asiyejua kipande kipi kitakuwa chake hugawa kwa haki. Mwezi wa Novemba 2010 Maalim Seif aliapishwa kuwa Makamu wa Kwanza.

Je, msomaji haoni kwamba ni Milansi tena? Mwenye kukosa kigoda hakufukuzwa mjini. Alibaki na mahali, na jina, na kazi. Watu wale wale waliogombana mwaka 1995 waliweza kupatana mwaka 2010, wala mioyo yao haikuwa imegeuka kuwa ya malaika. Nyumba ilikuwa imeongezwa chumba.

Mtu mmoja ataniuliza: "Mwalimu, mbona huelezi yaliyofuata?" Ni haki kuuliza, na si vema kuficha. Mwezi wa Oktoba 2015 watu walipiga kura, na kabla ya matokeo yote kutangazwa mwenyekiti wa Tume aliufuta uchaguzi mzima. Uliporudiwa Machi 2016 CUF hawakushiriki, na Maalim Seif akawa nje ya serikali. Mwaka 2020 aligombea tena kwa chama cha ACT-Wazalendo, akakosa, na chama chake kilisema uchaguzi haukuwa wa haki. Hata hivyo mwezi wa Desemba alikubali kuingia tena serikalini chini ya Rais Hussein Ali Mwinyi, akawa Makamu wa Kwanza mara ya pili, mpaka alipofariki tarehe 17 Februari 2021.

Basi upole wa mwaka 2010 haukulipwa kwa upole mwaka 2015. Je, ulikuwa upumbavu? Mimi nasema hapana. Mtu akilipa deni lake, na mwenzake asilipe lake, hatusemi kwamba wa kwanza alikosea kulipa. Lakini nasema pia kwamba kisa hiki chatufundisha upande wa pili wa jambo, ambao watu husahau. Tumezoea kumhubiri mshindwa akubali, akubali, akubali. Mshindi naye ahubiriwe. Aliyepewa mkono na mwenzake aliyekosa kwa kura chache ameshika amana ya mwenzake. Akiitumia vibaya, mara ya pili hatapewa mkono, na kosa halitakuwa la yule aliyeukunja.

Kisa cha nne nitakieleza kwa ufupi, maana chathibitisha yale tuliyokwisha kuyaona. Katika nchi ya Somaliland, iliyo kaskazini ya Wasomali, ulifanywa uchaguzi wa rais tarehe 14 Aprili 2003. Dahir Riyale Kahin alitangazwa mshindi juu ya Ahmed Mohamed Silanyo kwa kura 80. Themanini! Waumini wanaotoka kanisani siku ya Jumapili katika kijiji kidogo ni wengi kuliko hao. Silanyo hakukubali mara moja. Alipeleka shauri katika Mahakama Kuu ya nchi, akakosa, wazee wa koo wakaingia kati, wakazungumza sana, mwisho akaacha. Nchi ile ilikuwa imetoka katika vita vya ndugu miaka michache tu nyuma, na bunduki zilikuwa majumbani mwa watu. Mwaka 2005 wapinzani walipata viti vingi katika baraza la wawakilishi. Mwaka 2010 Silanyo aligombea tena, akashinda, na Riyale akamwachia kiti kwa amani. Aliyeachia kura 80 alikuwa na mahali pa kungojea, na alipongoja alipata.

Tuangalie tena kwamba Silanyo alikwenda mahakamani kwanza. Kwa hiyo mtu asije akasoma habari hizi akasema, "Mwalimu anatufundisha kunyamaza tunapoibiwa." Sivyo hata kidogo. Kuomba hesabu irudiwe si dhambi. Sheria zimeweka njia hiyo kwa sababu wahesabu ni binadamu. Sisi wa Sumbawanga tumeiona njia hiyo karibu nasi. Kura za ubunge wa Sumbawanga Mjini za mwaka 2010 zilikaribiana sana, shauri likaenda mahakamani, na mwaka 2012 Mahakama Kuu ikayatengua matokeo, na upande ulioshindwa shauri ukakata rufaa. Hapana aliyechoma nyumba ya mtu kwa sababu majaji walikuwapo kusikiliza. Mahali penye mlango watu hawabomoi ukuta.

Lakini kila mlango una kizingiti. Hesabu ya maelfu ya karatasi, iliyofanywa usiku kwa taa na watu waliochoka, haikosi kosa dogo. Ikiwa tofauti ya wagombea ni ndogo kuliko makosa hayo, basi hesabu ya pili italeta namba nyingine, na ya tatu nyingine tena, wala hakuna hata moja itakayokuwa sauti ya mbinguni. Hapo ndipo mtu afikapo mahali ambapo hesabu imekwisha na tabia imeanza. Aliyedai hesabu mara ya kwanza ametafuta haki. Anayedai mara ya tano, baada ya mahakama kusema na wazee kusema, mwishowe hatafuti hesabu, atafuta jibu.

Kuachia si kukiri kwamba mwenzako alikuwa na haki. Wasomaji wanakijua kisa cha wale wanawake wawili waliomgombea mtoto mbele ya Mfalme Sulemani. Upanga ulipoletwa, mmoja alisema, "Apewe mwenzangu." Je, alikuwa amekiri kwamba mtoto si wake? La, alikuwa ndiye mama hasa. Aliachia kwa sababu alimpenda mtoto kuliko alivyopenda kushinda shauri. Nchi ni mtoto wa namna hiyo. Lakini msisahau kwamba katika kisa kile palikuwa na mfalme aliyekuwa na macho ya kuona nani ameachia, na kwa nini.

Sasa haya yatufaa nini sisi tulio vijijini, ambao hatugombei urais? Yatufaa sana, maana sisi nasi twachagua. Twachagua wenyeviti wa vijiji na vitongoji, wakubwa wa vyama vya ushirika, wazee wa kanisa, kamati za shule na za maji. Na mara nyingi kura huwa 41 kwa 39, na yule wa 39 ni jirani, tena pengine ni shemeji. Nimewaza mambo matatu ambayo twaweza kuyashika.

Kwanza, tupatane kabla ya kura jinsi mshindwa atakavyokaa. Aliyekosa uenyekiti asiondolewe katika kamati kama mwizi. Apewe kazi inayomfaa, na watu wamwone akiifanya. Jambo hili likipangwa mapema halimwaibishi mtu. Likipangwa baadaye laonekana kama sadaka.

Pili, kura zihesabiwe mbele ya macho ya pande zote mbili, na anayetaka zirudiwe mara moja akubaliwe pasipo kuchekwa. Mtu aliyeona kwa macho yake hukubali upesi kuliko aliyeambiwa.

Tatu, mshindi wa kura chache asiimbe nyimbo za kumsuta mwenziwe. Akumbuke kwamba katika watu 80, 39 hawakumtaka, nao watalima barabara ile ile na kuteka maji kisima kile kile. Akienda yeye kwanza nyumbani kwa mwenzake, mguu wake huo mmoja waweza kuokoa miaka ya uadui.

Wengi husema kwamba jina la mji wetu, Sumbawanga, maana yake ni kumwambia mgeni: "Tupa uchawi wako kabla hujaingia." Ni neno jema kwa mlango wa mji, na ni jema vile vile kwa mlango wa chumba cha kupigia kura. Mtu aingie akiwa ameacha nje kile kiapo cha kwamba lazima ashinde, na mshindi atoke akiwa ameacha ndani dharau yake. Milansi iliachia kigoda, na jina lake latajwa mpaka leo. Mapupo hapana aliyeachia, na ni wachache mno hata hapa Ufipa wanaojua mahali penyewe palipokuwa.